Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu Lubumbashi: waambieni wazazi ukweli wa maternelle ya lugha mbili kabla hawajalipa

Waheshimiwa,

Barua hii namwandikia Waziri wa Elimu wa mkoa wetu wa Haut-Katanga, Bwana Proved, yaani mkurugenzi wa elimu wa mkoa, na wasaidizi wake, wakaguzi wa shule za watoto wadogo, pamoja na ninyi wapromota na madirekta wa maternelle, yaani shule za chekechea, zinazojitangaza kuwa za lugha mbili hapa Lubumbashi. Naiweka wazi ili wazazi nao waisome, kwa sababu habari yenyewe ni yao.

Mimi ni mwalimu wa mwaka wa kwanza wa primaire, yaani shule ya msingi, tena ni mama. Kila Septemba napokea watoto wa miaka sita kutoka Kampemba, Ruashi, Katuba na katikati ya mji. Wako wanaotoka moja kwa moja nyumbani, hawakupita maternelle yoyote. Wako waliopita maternelle ya kawaida ya Kifaransa. Na wako waliomaliza mwaka mmoja au zaidi katika maternelle ya Kifaransa na Kiingereza, ambayo wazazi wameilipa kwa jasho. Katika hawa wa mwisho, kila mwaka nakuta watoto wanaoogopa kufungua mdomo kwa lugha yoyote ile. Hawajakosa akili. Kiswahili wameambiwa ni kosa, na hizo lugha mbili nyingine hazijawakaa bado. Mtoto wa namna hiyo anaanza masomo yake akiwa hana pa kushika.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: sizipingi maternelle za lugha mbili. Tunaishi mji ambao malori ya shaba yanapita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, na ukishavuka mpaka tu uko Zambia, ofisi zinaendeshwa kwa Kiingereza. Kampuni nyingi za migodi zinatafuta watu wanaosema Kiingereza na Kifaransa. Mzazi anayemtakia mtoto wake lugha hizo anafikiri vizuri. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano anaweza kulelewa katika lugha mbili, hata tatu, bila kuharibika kichwa. Ninachokataa ni mzazi kuuziwa mwaka huo bila kuelezwa ni mwaka wa namna gani, utamtaka mtoto nini, utampa nini na hautampa nini.

Tuanze na jambo ambalo vibao vya barabarani havilisemi. Mtoto wa Lubumbashi anayeingia maternelle ya Kifaransa na Kiingereza haingii mikono mitupu. Anaingia na Kiswahili. Huu mji ulioanzishwa mwaka 1910 ulijazwa na watu wa kila kabila waliokuja kufanya kazi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba: Wabemba, Waluba, Walunda, Wasanga na wengine kutoka mbali zaidi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini, sokoni na kwenye parsele, yaani uani nyumbani. Wajukuu na vitukuu vyao leo wanaota ndoto kwa Kiswahili. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni lugha tatu: moja aliyokuja nayo na mbili anazokutana nazo siku moja, kwa madamu, yaani mwalimu, asiyemjua, katika chumba chenye watoto wengi wanaolia. Shule isiyoihesabu ile ya kwanza inakosea tangu siku ya kwanza, na makosa hayo yanamfuata mtoto mpaka kwangu.

Sasa nieleze yale ambayo wazazi wananiuliza mlangoni, na ambayo walipaswa kuwa wameambiwa na ninyi.

Wananiuliza kwa nini mtoto aliyekuwa msemaji sana nyumbani amenyamaza. Jibu linajulikana vizuri kwa wote wanaofanya kazi na watoto wadogo: mtoto akiwekwa mahali pa lugha ngeni, mara nyingi anapitia kipindi cha kukaa kimya. Kinaweza kuwa wiki chache, kinaweza kuwa miezi kadhaa. Wakati huo anasikiliza, anapanga sauti, anashika maneno ambayo bado hathubutu kuyatoa. Ukimwangalia vizuri utaona kazi inaendelea: madamu akisema watoto wasimame, anasimama, akisema walete rangi nyekundu, anaiendea, mwenzake akikosea katika wimbo, anacheka. Mtoto huyo anajifunza. Lakini wazazi wengi ninaozungumza nao waliitwa shuleni mwezi wa kumi na moja wakaambiwa mtoto wao ni mzito, arudie mwaka, au watafute mwalimu wa kumfundisha jioni nyumbani. Wengine walimchapa. Mtoto wa miaka minne anachapwa kwa sababu anasikiliza! Kama direkta angewaambia siku ya kuandikisha kwamba ukimya huu unaweza kuja, na kwamba wasiogope, kiboko hicho kisingeinuliwa.

Wanauliza pia kuhusu kuchanganya. Mtoto anasema « Mama, nipatie ile *livre*, iko *on* meza », na baba anadhani lugha zimeharibika kichwani. Hazijaharibika. Sisi wakubwa wa Lubumbashi tunafanya hivyo hivyo kutwa nzima, na hakuna anayetupeleka hospitali. Mtoto anachukua neno lililo karibu, na kadiri anavyoongezewa maneno ndivyo anavyojua lipi la nani na lipi la wapi. Hilo linapita.

Lisilopita ni hofu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wiki za kwanza za mwaka wa masomo. Mtulivu, safi, daftari lake zuri. Asubuhi moja nilimwona amebana miguu, anatikisika, macho yako ubaoni lakini haoni kitu. Kabla sijamfikia, benchi lilikuwa limelowa na wenzake wameanza kusogea. Nilimtoa nje, nikamsafisha, nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini hakuniambia anataka kwenda choo. Akanijibu kwa sauti ya chini sana: « Nilisahau namna ya kuomba kwa Français. » Nilipozungumza na mama yake, nikaelewa yote. Katika maternelle aliyotoka, mtoto hakuruhusiwa kutoka mpaka aombe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, kwa sentensi nzima. Akiomba kwa Kiswahili, madamu alijifanya hasikii. Mama akaniambia kwamba mwaka ule wote mtoto alikuwa anakataa chai asubuhi, na wao nyumbani walifikiri haipendi tena. Mtoto alikuwa ametafuta dawa yake mwenyewe: asiyekunywa haombi.

Waheshimiwa, mtoto wa miaka mitano alikaa na kiu mwaka mzima ili asihukumiwe kwa lugha ya mama yake. Siitaji jina la shule hiyo, kwa sababu sio yeye peke yake na sio shule hiyo peke yake. Nimesikia za faini ya franka kwa kila neno la Kiswahili, nimesikia za mtoto kuvishwa kipande cha mbao shingoni mpaka amkamate mwenzake anayesema Kiswahili, naye akivue amvishe. Watu wazima wanaopanga mambo hayo wanaamini kabisa wanasaidia. Wanadhani ukifunga mlango wa Kiswahili, mtoto atalazimika kupita mlango wa Kifaransa. Ukweli ni kwamba wengi hawapiti mlango wowote. Wanakaa nje, wanaangalia.

Na wale wanaojitetea kwa kusema kwamba ndivyo inavyofanyika kwa wazungu, wakumbuke ilivyofanyika hasa. Mwaka 1965, katika mji wa Saint-Lambert karibu na Montréal nchini Kanada, wazazi wanaosema Kiingereza walipigania darasa la watoto wadogo liendeshwe kwa Kifaransa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Wallace Lambert na Richard Tucker, waliwafuatilia watoto hao kwa miaka. Kifaransa walikipata vizuri, na Kiingereza chao hakikufa. Darasa hilo ndilo lililozaa shule nyingi za namna hiyo Kanada na kwingineko, na wapromota wetu wanapenda kusema wanafuata mfumo huo. Lakini angalieni namna walivyofanya. Madamu alisema Kifaransa, lakini Kiingereza cha watoto alikielewa. Mwanzoni mtoto aliruhusiwa kujibu kwa lugha ya nyumbani, akaombwa Kifaransa kidogo kidogo kadiri alivyokipata. Nyumbani hakuna aliyekataza Kiingereza. Na baada ya miaka michache, shule yenyewe ilimfundisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza pia. Yaani lugha ya mama iliheshimiwa mwanzo, katikati na mwisho. Sisi tumechukua ile sehemu ya lugha mpya, tukaiacha hiyo nyingine, halafu tunashangaa matokeo hayafanani.

Ninao mfano ulio karibu zaidi na sisi. Nchini Nigeria, katika mji wa Ile-Ife, mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza kufundisha primaire yote ya miaka sita kwa Kiyoruba, na Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu anayekijua kweli. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao waliohamishiwa kwenye Kiingereza mapema, na hata katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Jambo hili linawashangaza wazazi kila ninapowasimulia, lakini kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza halina ajabu. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwamba tano ni kubwa kuliko tatu hana haja ya kulielewa upya kwa Kifaransa. Anahitaji maneno tu. Mtoto aliyezoea kupiga makofi ma-ti-ti, ka-lu-ba, bu-ka-ri, ameshajua kwamba neno linakatika vipande, na hiyo ni nusu ya kazi ya kusoma. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Kifaransa kinaandika *o*, *au* na *eau* kwa sauti moja. Mniambie ninyi mtoto aanzie wapi.

Nimegusa nyumbani, nalo ni jambo ambalo wazazi wanapotoshwa zaidi.

Nimeona kwa macho yangu daftari la mawasiliano la maternelle moja. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina la mtoto na namba ya simu ya baba, kulikuwa na mstari umepigwa muhuri, kwa Kifaransa, unaowaomba wazazi waache kusema Kiswahili na mtoto nyumbani. Mama aliyenionyesha anauza mchele na maharagwe soko la Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi. Kifaransa chake ni cha kuhesabu pesa na kusalimia wateja. Alijitahidi kutii, kwa sababu anaiheshimu shule. Akawa anamwambia mtoto wake: *viens*, *mange*, *dors*, *laisse ça*. Basi. Hadithi za jioni ziliisha. Maswali ya mtoto juu ya kwa nini bukari, yaani ugali, inashika kwenye sufuria, kwa nini babu hakuja kwenye matanga, nani ataenda kuchota maji kesho, hayakupata jibu tena, kwa kuwa jibu lake kwa Kifaransa mama hakuwa nalo. Nyumba yenye maneno mengi iligeuka nyumba ya amri nne.

Kile alichoombwa mama huyu kinampunguzia mtoto chakula chenyewe cha akili. Mtoto anajifunza kueleza sababu, kupanga habari kwa mfuatano, kulinganisha, kukumbuka, kuuliza tena, kwa kuzungumza na mtu mzima anayeijua lugha yake mpaka ndani. Hivyo vyote vinahamia kwenye Kifaransa na Kiingereza baadaye. Mama wa soko la Kenya anavyo, kwa wingi, kwa Kiswahili. Wazazi, kama mnasoma barua hii: semeni na watoto wenu lugha mnayoijua vizuri kuliko zote. Kama ni Kiswahili, Kiswahili. Kama bibi anasema Kibemba au Kiluba na mtoto anamwelewa, mwacheni bibi aendelee, maana haondoi kitu. Muulizeni mtoto alichojifunza leo, akueleze kwa Kiswahili. Akiweza kukueleza, amekielewa.

Na yule mzazi anayejua Kifaransa vizuri na anapenda kukisema na mtoto wake, aendelee kwa amani. Shida yangu sio Kifaransa nyumbani. Shida ni shule kuingia nyumbani mwa watu na kukata ulimi.

Kuna jambo la matarajio. Mwisho wa mwaka, mwezi wa saba unapokaribia, maternelle hizi zinafanya sherehe. Watoto wanavaa vizuri, wanaimba kwa Kiingereza, wanataja rangi, siku za wiki na viungo vya mwili, wazazi wanapiga makofi na kupiga picha. Ni vizuri, nami nahudhuria nikialikwa. Lakini wimbo ulioshikwa kwa kichwa sio lugha. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada aliyefuatilia watoto wa wahamiaji, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtoto anahitaji kama miaka 2 kuweza mazungumzo ya kila siku katika lugha mpya, na miaka 5 mpaka 7 kuifikia lugha ya masomo kwa kiwango cha wenzake waliozaliwa nayo. Watoto hao waliishi mahali ambapo Kiingereza kiko barabarani, dukani na kwenye televisheni. Wa kwetu wanakisikia saa chache za asubuhi. Mzazi anayeahidiwa kwamba mtoto wake atatoka maternelle anasema Kiingereza sawasawa anaahidiwa kitu ambacho mwaka mmoja hauwezi kutoa. Anachoweza kupata mwaka huo ni sikio lililozoea, sauti zilizokaa vizuri mdomoni, maneno ya kuanzia, na kupenda lugha. Ni mengi! Ni ya thamani. Yasemwe hivyo hivyo yalivyo.

Halafu ni nani anayesema hicho Kiingereza darasani? Swali hili wazazi wanaona haya kuliuliza, basi nawauliza mimi. Mtoto mdogo anajifunza lugha kwa mtu anayeishi ndani ya lugha hiyo mbele yake: anayeweza kumbembeleza, kumkanya, kumchekesha, kumsimulia, kumfunga kamba za viatu huku anazungumza. Mtu aliyeshika maneno ya kitabu kimoja hawezi kufanya hivyo, hata awe na moyo mzuri namna gani. Wako madamu hodari katika mji huu, ninawajua, wengine wameishi Lusaka au Ndola miaka mingi, wengine wamesomea kazi hii. Wanastahili kulipwa vizuri na kutajwa. Wako pia vijana waliopewa darasa la Kiingereza kwa sababu tu walikuwa wamebaki bila kazi. Mkaguzi akiingia darasani, asiangalie tu kibao, dirisha na choo. Akae kitako, asikilize madamu anasema nini watoto wanapokula.

Jambo la mwisho kuhusu mtoto mwenyewe, nalo ni la afya. Lugha mbili hazimfanyi mtoto kuwa bubu wala kumchelewesha akili. Mtoto anayekaa kimya kwa Kifaransa lakini anasema vizuri kwa Kiswahili hana ugonjwa. Mtoto anayechelewa katika lugha zote, hata ile ya nyumbani, apelekwe hospitali, na masikio yapimwe kwanza, maana usaha wa masikio unaorudi rudi unamnyima mtoto kusikia na watu wanamwita mjinga. Lakini ili mjue tofauti hiyo, lazima kuwe na mtu shuleni aliyemsikiliza mtoto akisema Kiswahili. Maternelle inayompima kwa Kifaransa peke yake, halafu inaandika kwenye buletini kwamba hajui kuhesabu, haijapima hesabu. Imepima Kifaransa.

Waheshimiwa, msiniambie sheria inawafunga mikono. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba, na inaiagiza Serikali izikuze bila ubaguzi. Sheria ya elimu ya taifa ya 11 Februari 2014 inakiweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, lakini inatambua pia lugha za taifa na lugha za mahali kuwa chombo cha kufundishia na somo, kulingana na ngazi ya masomo. Kongo ni kati ya nchi nane zilizoanza mpango wa ELAN mwanzoni mwa miaka ya 2010, wa kuwafundisha watoto wa primaire kwa lugha zao pamoja na Kifaransa. Na sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kuona aibu. Mwezi wa tano mwaka 1974, wanaisimu wa Zaïre nzima, ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati ule, walikutana hapa hapa, mjini kwetu, katika semina yao ya kwanza ya taifa, wakazungumzia lugha zetu na nafasi yake shuleni. Chuo chetu kina CELTA, kituo cha isimu ambacho watu wa nchi nyingine wanakisoma. Nusu karne imepita, na mtoto wa Ruashi bado anavishwa kipande cha mbao.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya Kinshasa.

Naomba Bwana Proved atoe barua kwa maternelle zote, za Serikali na za watu binafsi, inayokataza kabisa adhabu, faini na aibu yoyote kwa mtoto aliyesema Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani. Ndani yake iandikwe waziwazi kwamba mtoto anayeomba choo, maji, au anayesema anaumwa, anasikilizwa kwa lugha yoyote aliyotumia. Mkaguzi apewe kazi ya kuliangalia hilo kila anapotembelea, awaulize watoto wenyewe, bila madamu kuwapo.

Naomba kila maternelle ya lugha mbili, kabla haijapokea hata franka moja, impe mzazi ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili. Useme lugha zipi zinatumika, saa ngapi kila moja, nani anayezisema na amejifunzia wapi, Kiswahili kina nafasi gani darasani, na mtoto anatarajiwa kufika wapi mwezi wa saba. Useme habari ya kipindi cha kimya. Useme wazi kwamba mzazi aendelee na lugha yake nyumbani. Na kwa kuwa wazazi wote hawasomi kwa wepesi, usomwe kwa sauti katika mkutano wa kuandikisha, watu waulize maswali, wajibiwe kwa lugha waliyouliza. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya primaire za Serikali. Maternelle hizi ninazozungumzia wazazi wanazilipa minervali, yaani ada ya shule, kutoka mfukoni, uniforme juu yake, na gari juu yake. Mtu anayelipa ana haki ya kujua anacholipia.

Naomba pia katika kila darasa la maternelle awepo angalau mtu mzima mmoja anayekijua Kiswahili na aliyeruhusiwa kukitumia: kumtuliza mtoto anayelia, kueleza mchezo usioeleweka, kusimulia hadithi moja kila siku. Hadithi moja tu. Kifaransa hakitapungukiwa.

Kwenu wapromota nina neno la pekee. Najua mnashindana, najua kodi ya nyumba na mishahara inavyowabana, na najua baadhi ya wazazi ndio wanaowasukuma mkatae Kiswahili, wakidhani ndio ubora. Ninyi ndio wataalamu. Mgonjwa akidai dawa isiyomfaa, daktari mwema anamweleza. Shule ya kwanza hapa Lubumbashi itakayothubutu kuandika kwenye kibao chake kwamba inafundisha kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na ikafanya hivyo kweli, mimi nitawaelekeza wazazi kwenu bila kuombwa, na walimu wenzangu wa mwaka wa kwanza watafanya vivyo hivyo, kwa sababu sisi ndio tutakaopokea matunda yake.

Kuandikisha kwa mwaka ujao kunaanza mara tu likizo ikiingia, na wapo watakaolipa mapema ili wasikose nafasi. Kwa hiyo barua ya Proved ikitoka Septemba itakuwa imechelewa mwaka mzima. Rasimu ya ukurasa huo wa wazazi nimeshaiandika kwa Kiswahili chepesi, pamoja na walimu wenzangu; imebaki wataalamu wa CELTA waipitie na wakaguzi waongeze wanachoona kimepungua. Nitaileta mwenyewe ofisini kwa Bwana Proved pamoja na nakala ya barua hii, na naomba nipewe siku ya kuonana naye kabla shule hazijafungwa.

Kwa heshima,

Mama mzazi na mwalimu wa mwaka wa kwanza wa primaire,
Kampemba, Lubumbashi